Kabla ya Kuvaa Miwani: Kinachosomwa Hasa kwenye Grafiki na Uhalisia Pepe Chuo Kikuu

Msimu wa udahili ukifunguliwa, vijana wanaotaka kusomea uhalisia pepe huulizana kwanza wanunue kompyuta gani na hedseti ipi. Hayo ni maswali ya mwisho, na mengine hayana hata haja ya kuulizwa. Kozi hii ina jina linalong'aa na mtaala usiong'aa hata kidogo. Mwanafunzi anaingia akitegemea kuvaa miwani na kutembea mwezini, muda si mrefu anakabidhiwa ukurasa wa matriksi, yaani majedwali ya namba, na kuambiwa azizidishe kwa mkono. Wapo wanaohama kozi hapo hapo. Wanaobaki hugundua kwamba ukurasa ule ndio uliokuwa kozi yenyewe, na miwani ni mahali pa kuonyeshea matokeo tu.

Tuanze na kinachotokea mtu anapovaa hedseti. Macho yake yanatengwa na chumba alichomo. Kila jicho linapewa picha yake, iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili. Wakati huohuo vihisi vinapima kichwa kiko wapi na kimeelekea wapi, ili picha ifuate. Kutengeneza picha ni kazi ya grafiki za kompyuta. Kujua kichwa kiko wapi ni kazi ya vihisi, kamera na takwimu. Kuyaridhisha macho na ubongo ni fiziolojia na saikolojia. Ndiyo maana vyuo vingi havina idara ya uhalisia pepe. Vina wahadhiri wa kompyuta, wa uhandisi, wa saikolojia na wa sanaa wanaogawana mzigo, na anayeunganisha vipande ni mwanafunzi mwenyewe. Mtu anadhani ameomba kozi moja, kumbe ameomba nne.

Kati ya hizo nne, ile ya kompyuta, yaani grafiki, ndiyo nguzo, na ndiyo inayowaangusha wengi. Nitakaa hapo zaidi.

Dunia ya pembetatu

Karibu kila kitu unachokiona kwenye gemu au ndani ya hedseti kimeundwa kwa pembetatu. Sababu ni ya kijiometria. Nukta tatu siku zote hulala kwenye ubapa mmoja. Nukta nne zinaweza kupindana, na kompyuta isiyojua umbo limepindaje haiwezi kujua mwanga utaligongaje. Ukuta unatoshwa na pembetatu mbili. Uso wa mtu unaoaminika unahitaji maelfu kwa maelfu. Kila kona ya pembetatu ni namba tatu tu: ya kulia au kushoto, ya juu au chini, ya mbele au nyuma.

Sasa geuza kichwa. Utadhani kuna kamera imegeuka. Ndani ya kompyuta hakuna kamera, kuna orodha ya kona, na ili wewe uone umegeukia kulia, dunia nzima inazungushwa kwenda kushoto: kona zote, moja moja, zinazidishwa na matriksi. Kisha namba za kulia na za juu zinagawanywa kwa umbali. Mgawanyo huo mdogo, ambao mtoto wa shule ya msingi anaufanya, ndio unaofanya nguzo ya umeme ya mbali ionekane fupi kuliko ya karibu.

Kinachowashangaza wanafunzi ni kwamba matriksi hizo zina safu nne na mistari minne, ilhali dunia ina pande tatu. Ile ya nne ya nini? Matriksi ya tatu kwa tatu inaweza kuzungusha kitu na kukikuza, lakini haiwezi kukihamisha. Kitu kilichokaa kwenye kitovu kina namba sifuri, sifuri, sifuri, na sifuri ukiizidisha na chochote inabaki sifuri, hakisogei. Wanahesabu wakaongeza namba ya nne, ambayo kwa kawaida ni 1, na kwa kupitia hiyo kuhamisha nako kukawa ni kuzidisha. Faida yake ni kubwa: kuzungusha, kukuza, kuhamisha na kutazama kwa mbali, vyote vinajumlishwa ndani ya matriksi moja, na kona milioni moja zinapitishwa humo humo bila kuuliza maswali.

Mizunguko ina balaa lake. Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kutumia pembe tatu: kichwa kimegeuka nyuzi ngapi kushoto, kimeinama nyuzi ngapi, kimelala upande nyuzi ngapi. Inafanya kazi mpaka mtu atazame juu moja kwa moja. Kwenye nyuzi 90 pembe mbili kati ya tatu zinaanza kufanya mzunguko uleule, upande mmoja wa uhuru unapotea, na picha inayumba ovyo. Dawa ilikuwepo zamani sana. Tarehe 16 Oktoba 1843 William Rowan Hamilton, profesa wa Trinity College, alikuwa akitembea na mkewe kando ya mfereji jijini Dublin alipopata jibu la swali lililomtesa kwa miaka, akalichonga palepale kwenye jiwe la daraja. Namba zake, kwatenioni, zina sehemu nne badala ya moja, na zinaeleza mzunguko wowote bila kukwama. Watu wa grafiki hawakuzijali sana, hadi mwaka 1985 Ken Shoemake alipoonyesha jinsi ya kuzitumia kusogeza maumbo taratibu kutoka mkao mmoja hadi mwingine. Leo hedseti ikieleza mkao wa kichwa chako, inaueleza kwa kwatenioni. Trinity College yenyewe sasa ina shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta yenye mkondo wa uhalisia pepe.

Jiji la chumvi na buli la chai

Anayetaka kuelewa kwa nini mitaala ya grafiki duniani inafanana aangalie chuo kimoja: Chuo Kikuu cha Utah, Salt Lake City, Marekani, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na katikati ya miaka ya 1970. David Evans aliijenga idara ya kompyuta pale, na mwaka 1968 akamvuta Ivan Sutherland. Huyu alikuwa ameshapata jina. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, aliandika programu ya kuchora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Mwaka huo wa 1968 akatoa andiko kuhusu kifaa cha kuvaa kichwani kilichoonyesha maumbo ya pande tatu. Kilikuwa kizito hata ikabidi kishikiliwe na mhimili ulioning'inia darini, na mhimili huohuo ndio uliopima kichwa kimegeukia wapi. Kilichoonekana humo ni mistari mitupu inayong'aa, pengine mchemraba. Lakini sehemu zote za hedseti ya leo zilikuwepo.

Kilichokosekana kilikuwa kila kitu kingine: jinsi ya kujaza rangi, jinsi ya kuficha kilicho nyuma ya kingine, jinsi ya kuweka mwanga. Wanafunzi wa Utah wakagawana matatizo hayo. Hawakuwa na modeli za kuchorea, wakazipima wenyewe. Mwaka 1972 walilichukua gari la mke wa Sutherland, Volkswagen la mviringo, wakalipima nukta kwa nukta. Edwin Catmull alipima mkono wake wa kushoto. Henri Gouraud alimpima mkewe usoni. Mwaka 1975 Martin Newell alihitaji umbo lenye mikunjo, mpini na mdomo, mkewe akamshauri achukue seti yao ya chai. Akalichora buli kwenye karatasi ya grafu na kuzipeleka namba zake kwenye kompyuta. Buli hilo limechorwa mara nyingi kuliko umbo lolote katika fani hii, na mwanafunzi wako wa leo bado atalikuta kwenye zoezi lake. Lile halisi limehifadhiwa kwenye makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California. Wanaoliona hushangaa kwamba ni refu kuliko la kwenye kompyuta.

Tazama jinsi kila tasnifu ilivyogeuka kuwa mhadhara. Gouraud, 1971: pembetatu zilionekana kama vipande vya bati vilivyogongwa pamoja, yeye akakokotoa mwanga kwenye kona na kuusambaza katikati, uso ukawa laini. Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, 1973: njia ya Gouraud ilipoteza kile kidoa cheupe kinachong'aa kwenye kitu kilichosuguliwa, yeye akasambaza uelekeo wa uso badala ya mwanga wenyewe, kidoa kikarudi. Phong alifariki mwaka 1975 akiwa na miaka 32 au 33, na jina lake linatajwa kila siku na watu wasiojua alikuwa nani. Catmull, 1974: kila pikseli, yaani kila kidoti cha rangi kwenye kioo, ikumbuke umbali wa kilichochorwa juu yake, kikija kitu cha karibu zaidi kichukue nafasi, kikija cha mbali kitupwe. Njia hiyo ilidharauliwa kwa kula kumbukumbu nyingi, wakati ambapo kumbukumbu ilikuwa ghali mno. Wolfgang Straßer aliifikia mwaka huohuo huko Berlin. Sasa imo ndani ya kila simu janja unayoiona.

Njia hizi zote ni ujanja. Zinafanana na mwanga, si mwanga. Mwaka 1986 James Kajiya, naye mhitimu wa Utah, aliandika mlinganyo mmoja unaoeleza nuru yote inayotoka kwenye nukta fulani: ile ambayo nukta inaitoa yenyewe, ukijumlisha nuru yote inayoifikia kutoka kila upande na kuakisiwa. Tatizo ni kwamba nuru inayoifikia imetoka kwenye nukta nyingine, ambazo nazo zimepokea kutoka kwa nyingine. Mlinganyo unajitafuna mkia. Hauna jibu la mkupuo, kwa hiyo kompyuta inarusha miale kwa kubahatisha, mingi sana, na kuchukua wastani. Hapo ndipo mwanafunzi aliyeikimbia kalkulasi na nadharia ya uwezekano anapokutana nazo tena, safari hii zimevaa nguo za kuvutia.

Milisekunde kumi na moja

Studio ya filamu inaweza kuiacha kompyuta ihesabu fremu moja, yaani picha moja ya filamu, kwa saa kadhaa. Mtazamaji hatajua. Uhalisia pepe haujui anasa hiyo, na tofauti hii ndiyo inayoutenga kuwa somo lake.

Hedseti nyingi huonyesha fremu 90 kwa sekunde. Gawanya: kila fremu ina milisekunde 11 na ushee, na ndani yake picha ni mbili, ya kila jicho. Chukua Quest 2, hedseti ya mwaka 2020. Kioo chake kina pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, yaani zaidi ya milioni saba kwa macho yote mawili. Kwa fremu 90 ni zaidi ya pikseli milioni 633 kila sekunde, zinazopakwa rangi na chipu ya jamii ya zile za simu, inayotumia betri, iliyofungwa kwenye paji la uso wa mtu ambapo haitakiwi kuwa ya moto.

Na kasi ya fremu si yote. Kuna muda unaopita tangu kichwa kisogee hadi picha mpya ifike jichoni. Wataalamu wa fani hulenga usizidi milisekunde 20 hivi. Ukizidi, dunia inaonekana kukuburuta nyuma yako, na mwili unakataa. Ili kuubana muda huo hedseti hufanya mambo mawili ambayo mimi huyaona ni ya werevu kuliko picha zenyewe. La kwanza, haichori pale kichwa kilipo, inabashiri kitakapokuwa milisekunde chache zijazo na kuchora pale. La pili, fremu ikishakamilika, dakika ya mwisho kabisa kabla haijaonyeshwa, kichwa kinapimwa tena na picha iliyokwisha kuchorwa inavutwa kidogo pembeni kurekebisha kosa la ubashiri. Unachokitazama ni picha iliyochorwa kwa ajili ya wakati ambao haukutokea, ikasahihishwa.

Lenzi nazo zinadai chao. Kioo kipo sentimita chache tu kutoka kwenye jicho, ambako jicho haliwezi kulenga, kwa hiyo lenzi inakipeleka mbali kwa macho. Lenzi hiyo inapinda picha, kingo zinavutika nje. Programu inaipinda picha kinyume kabla ya kuituma, ili upinde wa lenzi uinyooshe. Ukiitazama picha ya hedseti kwenye kioo cha kompyuta utaiona imevimba katikati. Wageni hudhani imeharibika.

Mwili haudanganyiki kirahisi

Hapa ndipo sayansi ya kompyuta inapokwisha na wahandisi wengi wanapoanza kutapatapa.

Aliyewahi kuvuka kwa boti kutoka Dar kwenda Unguja wakati wa kusi anaijua hali hii. Waliokaa ndani ya chumba wakitazama kiti cha mbele ndio wanaolewa bahari kwanza: macho yanasema tumetulia, sikio la ndani linasema tunarushwa. Wenye uzoefu hutoka nje wakatazama upeo, ili macho na sikio vikubaliane. Uhalisia pepe ni ugomvi uleule kwa kinyume. Macho yanasema unakimbia, sikio linasema umesimama sebuleni. Ndiyo sababu gemu nyingi za hedseti hukurusha kutoka sehemu moja hadi nyingine papo hapo badala ya kukutembeza, au huifinya picha kingoni unapotembezwa, kwa kuwa pembe za macho ndizo zinazohisi mwendo zaidi.

Kuna ugomvi wa pili, wa macho yenyewe. Katika maisha ya kawaida ukitazama kidole kilichokaribia pua, macho hufanya kazi mbili: yanageukia ndani na lenzi za macho zinalenga karibu. Ubongo umezifunga kazi hizo pamoja tangu utotoni. Kwenye hedseti za kawaida macho yanageuka kufuata umbali wa kitu kilichochorwa, lakini lenzi zinalenga umbali uleule siku zote, mita moja na nusu au mbili. Hakuna programu inayoweza kuondoa hili kwa kuandikwa vizuri zaidi, ni suala la vioo na fizikia, na maabara kadhaa duniani zinalihangaikia.

Kwa hiyo kozi inayojiheshimu ina somo la kufanya majaribio na watu: jinsi ya kuomba kibali cha maadili, jinsi ya kupanga makundi, jinsi ya kupima kichefuchefu kwa dodoso. Dodoso linalotumika sana lilichapishwa mwaka 1993 kwa ajili ya marubani wa mashine za mafunzo, likiwa na dalili 16. Takwimu zinarudi tena. Na majibu yake wakati mwingine yanaumbua fani nzima. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba wanawake huugua zaidi kwenye hedseti, kana kwamba ni maumbile yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa umbali kati ya mboni na mboni. Wastani wa watu wazima ni milimita 63 hivi, wanawake wengi wako chini ya hapo, na hedseti zilizojaribiwa hazikuweza kubanwa kiasi cha kuwatosha. Kasoro ilikuwa ya kifaa.

Hili linafungua mlango wa jambo ambalo mwanafunzi wa Afrika Mashariki anapaswa kuliangalia kwa jicho la mtafiti. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake watatu, akiwemo Pat Hanrahan, walichapisha njia ya kukokotoa mwanga unaopenya chini ya ngozi, ukatawanyika na kutokea pengine. Ni kazi nzuri mno, na ngozi za kwenye filamu zikaacha kuonekana kama plastiki. Lakini mwaka 2020 Theodore Kim, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale aliyewahi kufanya kazi Pixar, studio ya filamu za uhuishaji, aliandika kwamba mng'ao huo wa kupenya huonekana zaidi kwenye ngozi nyeupe, na utafiti ukaugeuza kuwa ndiyo maana ya ngozi ya binadamu. Ngozi nyeusi, ambayo uzuri wake upo zaidi kwenye namna uso wake unavyoakisi nuru, ikabaki bila kusomwa ipasavyo. Kwenye nywele hali ni hiyohiyo. Algoriti za miongo mitatu zilichukulia kwamba unywele ni uzi mnyoofu au wenye mawimbi. Nywele za kipilipili hazifuati kanuni hizo: zinajikunja, zinashikana, zinasimama badala ya kuanguka. Kim, akiwa na A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na wenzao, wameanza kuchapisha hesabu zake miaka ya karibuni tu. Eneo hili bado ni bichi. Msichana aliyekulia Mbeya akisukwa kila Jumamosi analijua umbo la tatizo kuliko watafiti wengi wa SIGGRAPH, mkutano mkuu wa fani hii tangu 1974. Kinachobaki ni aljebra.

Uombe wapi, na ununue nini

Ukitafuta kozi, usitazame jina. Tazama orodha ya masomo. Kuna shahada zinazoitwa za uhalisia pepe ambazo kwa kweli zinafundisha kutumia injini ya gemu kama Unity au Unreal, basi. Si vibaya, kazi zinapatikana, ila programu hizo hubadilika na ujuzi wake huchakaa. Nyingine zinaitwa kwa unyonge tu "sayansi ya kompyuta" na ndani yake kuna aljebra ya matriksi, grafiki, maono ya kompyuta (kuifundisha kompyuta kuelewa picha), usindikaji wa mawimbi na upangaji wa programu kwa prosesa za grafiki. Hiyo ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo ya kuchukua hata kama hakuna hedseti hata moja chuoni. Wanaopenda upande wa sanaa na uhuishaji njia yao ni nyingine: Bournemouth nchini Uingereza wana kituo cha uhuishaji wa kompyuta tangu 1989, na kwetu Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya teknolojia ya multimedia na uhuishaji. Kwa uzamili wa grafiki na maono ya kompyuta, UCL ya London inajulikana.

Kwa aliye kidato cha tano, maana yake ni tahasusi yenye hisabati ya juu, PCM au PGM, na fizikia isichukuliwe kama mzigo. Mwanga ni fizikia.

Vifaa? Kuandika programu inayorusha miale na kuchora duara lenye kivuli hakuhitaji kadi ya grafiki. Laptopu yoyote inayowaka itafanya, taratibu. Blender, ya kuundia maumbo, ni ya bure, Godot, injini ya gemu, ni ya bure, na WebGL, ya kuchorea grafiki, inaendeshwa ndani ya kivinjari cha simu. Hedseti ya Quest 3 ilitoka mwaka 2023 kwa dola 499, ile ya Apple mwaka 2024 kwa dola 3,499. Hizo ni za chuo kununua, mwanafunzi aazime.

Kuhusu ajira nisifiche: biashara ya hedseti haijatulia. Kitengo cha Meta, kampuni ya Facebook na Quest, kinachozitengeneza kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 16 mwaka 2023 pekee, na kila baada ya miaka michache hutangazwa kwamba fani imekufa au imefufuka. Aliyesoma kifaa atayumba nacho. Aliyesoma grafiki ana pa kwenda, kwa sababu prosesa zilizobuniwa kuzidisha matriksi za pembetatu ndizo zinazozidisha matriksi za akili mnemba. Mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano) ulioanzisha wimbi la sasa la akili hiyo, mwaka 2012 huko Toronto, ulifunzwa kwenye kadi mbili za kuchezea gemu. Upimaji ardhi, usanifu majengo na mafunzo ya upasuaji vinahitaji watu walewale.

Na kuna mambo ya kale. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipeleka mashine za leza Kilwa Kisiwani na kupima Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza, magofu ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini kati ya 2004 na 2014. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hana leza, lakini ana simu, na mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe unatosha kuwa mradi. Atapiga picha nyingi zinazopishana kidogo kidogo. Programu ya bure kama Meshroom au COLMAP itatafuta nukta zinazofanana kwenye picha mbalimbali, ikokotoe kamera ilisimama wapi kila mara, na kutoa mlango wa pande tatu. Mlango huo utakuja na pembetatu milioni nyingi, na hedseti isiyounganishwa na kompyuta itakwama. Atalazimika kuzipunguza hadi laki chache na kuurudisha ufundi wa nakshi kwa njia ya Jim Blinn, mwana wa Utah mwingine, ya mwaka 1978: uso ubaki bapa, ila uelekeo wake udanganywe ili mwanga ulete vivuli vya michongo isiyokuwepo. Ujanja huo una mpaka wake, kwani macho mawili yakisogea karibu sana huutambua ubapa.

Njumu za shaba zitamsumbua kuliko vyote. Zinang'aa, na mng'ao wake unahama kila anapohamisha simu, programu inadhani ni nukta inayotembea na kuchimba shimo pale palipokuwa na msumari. Wapimaji hupulizia unga kuondoa mng'ao, jambo ambalo hakuna mhifadhi atakayeliruhusu kwenye mlango wa kale. Itabidi apige siku ya mawingu, au azitengeneze njumu kwa mkono kwenye Blender moja moja, na kwenye ripoti aandike wazi zipi alizipima na zipi alizichonga mwenyewe.